Utani Msibani, Bladensburg

Niliambiwa amekufa wakati nachagua vitunguu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa pili, baridi ya kukata masikio, niko ndani ya duka kubwa karibu na College Park, Maryland, na simu ilipoita nilijua ni mke wa kaka yake maana ndiye aliyezoea kunipigia asubuhi. Akasema mdogo wa mume wake kapigwa risasi jana jioni, pale pale mbele ya jengo lao Bladensburg, amefia hospitali, na mume wake tangu arudi kutoka huko hajatoa neno. Nikamwambia pole. Nikamwambia nakuja. Halafu nikaendelea kuchagua vitunguu, nikiviminya, nikirudisha vilivyolainika, nikapanga foleni, nikalipa, nikamtakia yule dada wa kaunta siku njema. Watu wakinisimulia jinsi walivyopokea habari za misiba yao, kwamba walianguka, walipiga yowe, huwa nawasikiliza kwa heshima. Mimi nilinunua vitunguu.

Niseme mapema ili nisimsumbue mtu kubahatisha: marehemu alikuwa mtu wangu. Tulikuwa tuoane. Hakuna aliyejua. Mimi Mnyamwezi wa Tabora, binti wa katekista; yeye Mzaramo wa Kisarawe, Mwislamu, na kaka yake mkubwa, aliyemlea kama mwanawe tangu baba yao afariki na ndiye aliyemleta Marekani, alikuwa mtu wa msimamo kwenye mambo ya dini. Basi marehemu kila siku alikuwa ananiambia, ngoja kwanza nimlainishe kaka. Nikangoja. Nilimwambia kaka yako si maharage, bwana wewe, utamchemsha mpaka lini? Alicheka mpaka akakohoa, lakini hakusema lini.

Na hakuna aliyeshuku, kwa sababu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Kwa asiyejua utani wa makabila: babu zetu walipita nchini kwao na mizigo kichwani wakienda pwani, wakagombana, wakapatana, na tangu hapo tunatukanana na ni mwiko kukasirika. Mzaramo akiniita mpagazi, nacheka. Nikimwambia wao waliuza minazi yote wakanunua ngoma, anacheka. Kwa hiyo sisi wawili tukikutana kwenye arusi au kisomo, anakuja kukaa jirani yangu, ananitukana, namtukana, tunanyang'anyana sahani, na Watanzania wote wa Maryland wanasema jamani hawa wawili utani wanaujua. Tulikuwa tunapendana mchana kweupe mbele ya umati, na wao wanatupigia makofi.

Lakini utani una kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa. Msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa. Wafiwa wamekaa chini wanalia, mtani anaingia amevaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anasema afadhali amekufa, alikuwa mlafi huyu. Anaficha viatu vya watu. Anajilaza njiani maiti asitoke mpaka apewe kuku. Mfiwa akikasirika, ni yeye ndiye amekosa adabu. Na mtani halii. Wengine wote ruhusa, yeye hana.

Kazi yangu miaka ile ilikuwa ya afya. Nilianza kwa kuwapima Waafrika presha na sukari makanisani na misikitini, kazi nzuri tu ya kugombana na watu wazima juu ya chumvi. Kisha wakubwa wakafungua ofisi ndogo ya kuzuia watu kuuana, na kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili, wakanihamishia huko. Niliwacheka waziwazi. Nikauliza, kuuana si mambo ya polisi? Mkuu wetu, Mmarekani mweusi wa makamo ambaye ujana wake aliumalizia jela, hakukereka. Alisema polisi huja damu ikishamwagika. Sisi, akasema, tunafanya kama watu wa kipindupindu: mtu akiugua hukai kumlaumu, unauliza nani kanywa naye maji. Akiuawa mtu, unauliza nani alimpenda, maana huyo ndiye atakayeua baadaye, na huyo atakayeuawa naye ana waliompenda. Kwa hiyo unawahi. Unamtuma mtu ambaye mwenye uchungu atakubali kumsikia. Kisha unakaa naye, hata kama ni kukaa tu bila la maana, mpaka lile wazo lipoe. Nikasema moyoni, kumbe ndiyo hayo, mbona kwetu huyo mtu tunaye na jina analo. Sikumwambia. Alikuwa ameshanisikia mara nyingi nikisema kwamba kwetu hiki tunacho na kile tunacho.

Jumamosi hiyo hiyo mchana alituita ofisini. Sote tulijua utaratibu: aliuliza kilichotokea, nikaeleza nilivyoelezwa. Theluji ilikuwa imeanguka wiki ile, marehemu akaamka akachukua beleshi akafukua nafasi ya kuegesha gari la kaka yake, jasho likamtoka katika baridi ile, na aliporudi kutoka kazini akakuta kijana wa jengo la ng'ambo ya barabara ameegesha la kwake hapo. Wakajibizana. Kesho yake wakajibizana tena. Siku ya tatu yule kijana hakujibizana. Mtu anakufa kwa ajili ya shimo kwenye theluji, theluji yenyewe ikishaanza kuyeyuka. Mimi ni mtu wa hasira, waulizeni wanaonijua, nikikasirika hata chai inapoa yenyewe kwa woga. Nilieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa.

Mkuu akauliza swali lake: nani alimpenda? Nikasema kaka yake. Mke wa kaka yake. Wenzake wa gereji ya chini ya ardhi pale mjini, alikokuwa anaegeshea watu magari. Akauliza na mchumba je, mwanamume wa umri ule hakuwa na mtu? Nikasema simjui. Uso wangu ulikuwa kama umechomwa sindano ya daktari wa meno. Nilijua midomo inasema kitu, siihisi. Akasema basi kaka ndiye wa kwanza, na wewe ndiye unayemjua, nenda. Nikaenda na vitunguu vyangu.

Nyumba ilikuwa imejaa. Asiye na watu huko ugenini akifiwa ndipo anapogundua anao. Wakenya walishateka jiko. Jirani wa ghorofa ile ile, muuguzi wa Kikenya, mama mwenye mwili na amri, alikuwa amefunga leso kiunoni anagawa kazi: wewe kata kabichi, wewe ita watu, wewe hapo umesimama unangoja nini. Alichukua vitunguu vyangu bila kuniuliza mimi nani. Wanawake wako chumba cha ndani na mke wa kaka mkubwa, wanaume sebuleni, na Watanzania wenzetu wengi walikuwa wamekwenda kuhangaikia maiti, maana ilikuwa bado kwa madaktari wa serikali wanaopasua maiti na Mwislamu hapaswi kucheleweshwa. Kaka mkubwa alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Ni mpishi wa hoteli, mtu mnene wa mikono mikubwa, na mikono ile ilikuwa imelala juu ya magoti imetulia. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara. Watu walimpa pole, akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Wakenya wakasema mzee ana imani sana.

Mke wake alinivuta bafuni, akafungua maji ili tusisikike. Akasema usiku ule ule wa kurudi kutoka hospitali, mwenzake wa kazini alimletea mume wake kitu kimefungwa taulo, na mume wake akakiweka kwenye buti la gari. Hakumwonyesha, lakini yeye si mtoto. Akasema anangoja tu mdogo wake azikwe, au hata hangoji. Akanishika mkono, akaniambia, "Mtani, wewe peke yako ndiye hawezi kukufukuza."

Kwa hiyo nikaanza kazi. Nyuma ya mlango palitundikwa koti la kazi la marehemu, la rangi ya chungwa lenye mistari ya kung'aa gizani. Nikalivaa. Lilinuka yeye. Nilijua kwamba linanuka yeye, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumamosi. Nikaingia sebuleni kwa mwendo wake, bega moja juu, nikinyoosha mkono kuita magari yasiyokuwapo, njoo, njoo, rudi kidogo, nikasema haya, amekufa mwenye koti, nani sasa atatumalizia pilau? Nikasema Wazaramo hawa, mtu mmemleta hata Marekani, hamkuona pa kumweka ila chini ya ardhi na magari, sasa mnalia nini, si alishazoea chini? Mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa pale alicheka mpaka akafuta macho. Kaka mkubwa aligeuka kutoka dirishani. Alinitazama mara ya kwanza tangu niingie, na nikaona ameelewa mtani wake amefika na kazi ya mtani ni ipi.

Funguo za gari zilikuwa mezani mbele yake. Nikazichukua, nikazitikisa, nikasema hizi sitoi mpaka kuku. Na si mapaja ya kuku ya kwenye friji, nataka kuku mwenye manyoya, anayewika. Nani atapata kuku anayewika Bladensburg? Kanuni zilimshika. Angepiga kelele, angekuwa Mzaramo wa kwanza kumkasirikia mtani msibani, na Kisarawe yote ingesikia kabla ya jioni. Akageukia dirisha. Nikatia funguo kwenye mfuko wa lile koti.

Jioni nilipoondoka nilipita kwenye gari lake. Nilifungua buti, nikaona taulo, la bluu, la kuogea. Nililigusa, nikasikia ugumu ndani yake. Nikafunga. Kisha nikaingia nikakaa kiti cha dereva, nikatazama alipokuwa anatazama kaka mkubwa mchana kutwa. Ghorofa ya pili, kwa yule kijana wa gari, dirisha lenye pazia la njano, taa inawaka. Polisi walikuwa wamekuja na kuondoka. Jengo zima lilijua na jengo zima lilikuwa halijaona kitu. Nyuma ya pazia lile kulikuwa na mtu anakula, au anatazama televisheni. Mafunzo yote niliyokuwa nayo yalinielekeza nimpigie mkuu wangu aje alichukue lile taulo dakika ile. Sikumpigia. Sikuwa na mpango wowote, nataka nieleweke hapo. Nilikuwa mtu mwenye funguo, na kitu kwenye buti, na anayejua dirisha. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi, nikashuka, nikaenda kwangu, nikalala usingizi mzito kabisa.

Jumapili baada ya ibada Wakenya wakaja wote. Sijui kama nyumba ile ilishawahi kubeba watu wale. Viatu vilianzia mlangoni vikashuka na ngazi. Kulikuwa na Wakongo wawili watatu pia, wamevaa suti, wanamwita kaka mkubwa papa. Pilau, mukimo, chapati, soda. Watoto wanaulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza na kukimbia. Nikaendelea na yangu. Nilikuwa na koti lile lile, nimekaa miguuni pa kaka mkubwa ili asinyanyuke bila kuniruka, na kila alipojitikisa nikasema haya anakwenda kutafuta kuku. Nilikuwa nimeishiwa na matusi ya heshima nikawa natumia yoyote. Nikasema huyu marehemu hata risasi ilimwona mzembe, wenzake wanakimbia yeye anauliza gari lako namba ngapi.

Yule muuguzi alikuwa anapita na sinia. Akasimama. Akaliweka sinia mezani polepole. Na kwao, kusema kweli, utani huu wetu haupo. Kwao utani ni mzaha tu wa vijana, na maiti hafanyiwi mzaha. Aliuliza huyu ni nani. Hakuna aliyemjibu vizuri. Yule mzee wa Tanga hakuwepo, Watanzania walikuwa msikitini wanapanga mazishi, mke wa kaka mkubwa yuko chumba cha ndani. Akasema jana alinisikia akadhani ni wazimu wa majonzi, lakini leo imezidi. Akasema yeye hawezi kupika kwenye nyumba ambayo maiti inatukanwa. Nilijaribu kumweleza, mama, mimi ni mtani. Akasema hata kama ni mtani, hata kama ni nani. Wakongo wakasimama kumuunga mkono kwa adabu kubwa, wakanishika viwiko.

Nilimtazama kaka mkubwa. Neno moja tu lingetosha, aseme huyu ni wangu, mwacheni. Alikuwa ananitazama usoni. Alinyamaza. Na nikajua kwa nini amenyamaza: mimi nikitoka, msiba unabaki bila mtani, na yeye anabaki bila kizuizi. Wakanishusha ngazi kwa upole wote, wale mabwana, mmoja akaniambia pole maman, na mlango ukafungwa.

Nikasimama penye maegesho, na soksi tu miguuni. Jua lilikuwa limetoka na theluji imekuwa tope la kijivu. Haikupita hata muda wa kikombe cha chai kupoa, nikamwona anashuka kwa ngazi za nyuma, za chuma, zile za kukimbia moto. Hakuwa na koti. Alikuwa na kandambili za bafuni miguuni, maana viatu vyake viko chini ya viatu vya msiba mzima. Alitembea juu ya tope lile na vidole nje kana kwamba yuko Kisarawe, akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Nipe funguo."

Ilikuwa sauti ya kwanza kuisikia kwake tangu Ijumaa, na ilikuwa imekauka. Nikamwambia kuku yuko wapi. Akasema utani ni wa ndani, hapa nje hakuna msiba, hapa nje ni mimi na wewe. Na alikuwa na haki. Nje pale angeweza kunikasirikia, angeweza hata kunipiga, na hakuna wa kumwambia kitu. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari. Lile dirisha la pazia la njano lilikuwa juu yetu, wazi kidogo, redio inasikika. Akalitazama, kisha akanitazama mimi, na wala hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebakiza kazi moja ndipo akalale.

Nikamwambia hasira hasara. Nikamwambia ana mke juu pale. Nikamwambia yale ya kipindupindu, kwamba yule naye ana mama, ana kaka, na kaka yule naye atakaa dirishani. Nilikuwa nasema vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa, na nilisikia mwenyewe kwamba sina hata chembe ya imani kwa ninayoyasema. Yeye naye alisikia. Alingoja nimalize, maana ni mtu wa adabu, kisha akauliza.

"Angekuwa ni mtu wako, na unajua aliko, ungekaa pale ndani unakula pilau na kuchekesha watu?"

Nilikuwa na majibu ya kazini ya swali hilo. Tunafundishwa.

"Ndicho ninachofanya tangu jana," nikasema.

Hakuelewa. Nikamwambia mdogo wako alikuwa anioe. Mwaka mzima. Alikuwa anakuogopa wewe, anangoja upoe juu ya Ukristo wangu, na mimi nikawa namcheka. Nilisema yote haya bila chozi, nikiangalia vidole vyake vya miguu vinavyogeuka rangi kwenye tope. Nikasema unadhani nimezichukua funguo ili nikuzuie wewe. Jana nilifungua buti. Nilikaa hapa kwenye kiti chako, nikalitazama lile pazia mpaka giza likaingia. Nyumba naijua. Funguo ninazo. "Ukienda, tunakwenda wote wawili. Lakini mimi ndiye mwenye haki ya kwanza, usinipite."

Mtu mmoja alitoka kwenye jengo la ng'ambo na mfuko wa takataka, akatutazama, akaurusha kwenye pipa, akarudi ndani. Kaka mkubwa alikuwa ananikagua, koti la mdogo wake, mikono yangu, uso wangu, polepole, kama mpishi anayeonja kitu alichodhani anakijua.

"Na hujalia," akasema.

Nikasema sijalia. Mtani halii.

Akasema, "Ewe Mola." Kisha akanishika kiganja, si kwa nguvu, kama unavyomshika mtu mgonjwa kuvuka barabara, akanipandisha zile ngazi za chuma. Tuliingia kwa mlango wa jikoni. Yule muuguzi akaniona, akavuta pumzi kuanza, kaka mkubwa akampita. Akanipeleka mpaka mlango wa chumba cha ndani ambako mwanamume haingii, akasimama pale na kandambili zake zinadondosha maji juu ya zulia la mkewe, akawaambia wanawake waliokaa chini:

"Huyu ni mfiwa. Alikuwa mke wa mdogo wangu. Mpisheni akae."

Mke wake alinitazama, mkono mdomoni, na nikaona anapiga hesabu za arusi zote na visomo vyote. Kisha wakasogea. Mtu akanivua koti, mtu akanifunika kanga, wakanikalisha kwenye godoro katikati yao. Yule muuguzi alikuja akapiga magoti mbele yangu, mama mzima na mwili ule, akanivua soksi zilizolowa, akaanza kunisugua miguu kwa viganja vyake. Hakusema samahani. Alisugua tu. Nilikuwa naona miguu inasuguliwa, nikadhani ni ya mtu mwingine.

Kaka mkubwa aliomba nimpe namba ya mkuu wangu wa kazi. Mkuu akaja mchana ule ule, akapewa funguo, akashuka kulichukua lile taulo, akarudi, akala pilau na Wakenya kama aliyezaliwa Nakuru. Mimi hayo niliambiwa baadaye. Nilichokiona mwenyewe ni kwamba kaka mkubwa alileta kiti chake kutoka dirishani, akakiweka mlangoni mwa chumba chetu, akaketi na mgongo umegeukia sebule. Na kutoka pale akawa ananitazama mimi, kwa namna niliyoijua vizuri maana ni namna niliyomtazama nayo yeye tangu jana. Kila nilipojitikisa, alijitikisa. Nilipoomba kwenda msalani, alimtuma mkewe anifuate.

Chakula kililetwa, sikukigusa. Wanawake walinibembeleza, kidogo tu, wali tu, chai tu. Sikuwa nakataa, mkono haukuwa unakwenda. Ndipo aliposema, kutoka mlangoni, kwa ile sauti yake iliyokauka, na chumba kizima kikasikia:

"Kumbe ndiyo maana alikuwa anakonda. Nikawa namlaumu bure, kumbe alikuwa anapikiwa na Mnyamwezi."

Muuguzi aliinua uso, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Nami nikakumbuka kwamba Mzaramo ni mtani wangu kama nilivyo mtani wake, na kwamba mfiwa sasa ni mimi, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Alikuwa analia alipokuwa anasema, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Akasema hatoki mlangoni pale mpaka nile, hata ikiwa ni mpaka arobaini, yeye hana pa kwenda.

Nikamwambia kwamba angalau mimi sikumpikia ugali wa hotelini. Sauti yangu ilitoka mbali. Akasema kula.

Nikala.